Mguu Ndio Mhariri: Hotuba Kuhusu Dansi ya Mashindano na Muziki wa Mashine

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu katika fani hii, ndugu wacheza dansi, ma-DJ na watayarishaji wa muziki, mabibi na mabwana.

Nawashukuru kwa nafasi mliyonipa. Nimeombwa nizungumzie dansi za mitaani zenye mashindano na muziki wa kielektroniki unaoziendesha, na nimekubali kwa moyo mkunjufu, ila tangu mwanzo ningependa kulipinga neno moja katika mada yenyewe, nalo ni hilo "unaoziendesha". Mimi nimekuja kudai kinyume chake. Katika tamaduni hizi, mara nyingi kuliko tunavyokiri sisi tunaokaa mbele ya mashine, dansi ndiyo inayouendesha muziki, na mtayarishaji ni karani anayeandika yale ambayo miguu ya watu imekwisha kuyaamua.

Lugha yetu inalifahamu jambo hili bila kufundishwa. Mtu akisema anakwenda ngomani, hatumuulizi kama anakwenda kusikiliza, kucheza au kutazama. Ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi, ngoma ni mchezo unaochezwa kwa chombo hicho, na ngoma ni mkusanyiko wenyewe wa watu. Ziko lugha zinazovitenga vitu hivi vitatu kwa maneno matatu, na huenda ndiyo sababu historia ya muziki wa kielektroniki imeandikwa kwa wingi kama historia ya mashine na waliozinunua, huku mcheza dansi akitajwa pembeni kama mteja aliyefika duka limeshafunguliwa.

Niruhusuni nianze na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza niliposikia footwork, muziki wa Chicago unaokwenda na dansi ya jina hilo hilo, ambao nitausemea sana leo, nilikuwa peke yangu usiku, nikisikiliza kwa spika ndogo za kompyuta ya mkononi. Nilisikia makofi yasiyo na mpangilio, sauti ya mwanamke iliyokatwa katikati ya neno na kurudiwa mara nyingi kupita kiasi, na kimya kirefu mahali ambapo, kwa mazoea yangu, ngoma nzito ilipaswa kulia. Nikadhani faili limeharibika. Nikalipakua upya, likawa lile lile. Ilipita miezi kadhaa kabla sijajikuta katika chumba chenye spika kubwa za besi, wimbo ule ule ukipigwa na kijana mmoja akiucheza mbele yangu, ndipo nikagundua kuwa makosa yangu yalikuwa mawili. Kwanza, spika zangu hazikuwa na uwezo wa kuitoa besi ya chini kabisa, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa muziki huo. Pili, zile nafasi nilizodhani ni tupu hazikuwa tupu hata kidogo. Zilikuwa zimeachwa kwa ajili yake yule kijana.

Kisa cha New York, cha kuzaliwa kwa hip-hop, kimesimuliwa mno, kwa hiyo nitakigusa kwa ufupi. Tarehe 11 Agosti 1973, binti mmoja aitwaye Cindy Campbell aliandaa karamu katika ukumbi wa jengo walilokuwa wakiishi, namba 1520 Sedgwick Avenue, mtaani Bronx, na aliyepiga santuri alikuwa kaka yake, Clive, ambaye dunia inamjua kama DJ Kool Herc. Katika karamu zake za miaka ile Herc aliona jambo ambalo wengine walilitazama bila kuliona: walikuwapo wachezaji waliosimama kando wimbo ukiendelea, wakisubiri kipande kifupi ambapo mwimbaji na vyombo vingine hunyamaza na kubaki ngoma na besi peke yake. Kipande hicho kilikuwa cha sekunde chache tu. Herc akatafuta nakala mbili za santuri moja, ili kipande kikiisha upande huu akianzishe upande ule, na sekunde chache zikawa dakika kadhaa. Utaratibu wa matukio ndio ninaotaka tuukumbuke: wachezaji walisubiri, DJ akaona kwamba wanasubiri, kisha muziki ukabadilika.

Sasa twende Chicago, maana huko ndiko mashine zilikoingia kwa uzito wake wote.

Mwaka 1977 Frankie Knuckles alihamia huko kutoka New York na kuanza kupiga muziki katika klabu iliyoitwa Warehouse, ambayo wateja wake wakuu walikuwa vijana weusi na Walatino, wengi wao wapenzi wa jinsia moja. Jina la muziki wa house, kama wengi mnavyojua, linatokana na jina la klabu hiyo. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini humo humo, shehena ya santuri za disko ililipuliwa kwa baruti kati ya mechi mbili, na watazamaji wakavamia uwanja kwa shangwe. Baada ya hapo kampuni kubwa za muziki zikaanza kuikimbia disko kama mgonjwa wa tauni. Watu wa Warehouse hawakuacha kucheza, na kama nyimbo mpya zilikuwa zikipungua madukani, ilibidi mtu azitengeneze nyumbani.

Alizitengeneza kwa vifaa gani? Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ni kisa ninachokipenda. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma iliyoitwa TR-808, kwa bei ya dola 1,195. Mshindani wake, LM-1, aliuzwa dola 4,995, na alikuwa na sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa. TR-808 haikuwa na sauti hata moja iliyorekodiwa. Kila kitu kilitolewa na saketi za umeme zinazotetema, na wanamuziki waliotaka ngoma inayofanana na ngoma wakaidharau. Ilipofika 1983 uzalishaji ulikuwa umesimamishwa, baada ya mashine kama 12,000 hivi. Ndugu yake mdogo, TB-303, kisanduku kilichokusudiwa kumpigia besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake, alipata msiba huo huo mwaka uliofuata. Vyote viwili vikaishia katika maduka ya mitumba na ya rehani, na huko ndiko vijana wasio na fedha nyingi walikovipata.

Ukiiweka TR-808 mezani utaona safu ya vitufe 16 chini kabisa: vinne vyekundu, vinne vya rangi ya machungwa, vinne vya njano na vinne vyeupe. Kila kitufe ni sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko wa mdundo. Unakibonyeza, taa yake inawaka, na mzunguko ukipita hapo ngoma inalia. Mtu asiyejua nota hata moja anaweza kuutazama mdundo wake kwa macho. Ngoma yake nzito ina kirungu cha kuongoza muda wa kufifia, na ukikizungusha hadi mwisho, sauti huacha kuwa pigo na kuwa mvumo mrefu unaousikia kifuani kabla hujausikia masikioni. Lakini vitufe hivyo vina ushawishi wake. Vimepangwa kwa rangi kwa namna ambayo kidole kivivu hubonyeza cha kwanza cha kila rangi, yaani cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13, na hapo unapata ngoma nne nzito zilizo sawasawa, dum, dum, dum, dum, ambazo ndizo nguzo nne za house. Nyumba imesimama na mtu anaweza kucheza usiku kucha. Kumbukeni nguzo hizo, maana miaka ya baadaye wacheza dansi watakuja kuzing'oa.

Hata wakati ule sakafu ilikuwa na usemi. Kundi la Phuture, vijana watatu waliokuwa wakizungusha virungu vya TB-303 hadi ikatoa sauti ya kulialia ambayo waliounda mashine hiyo hawakuikusudia, walimpelekea kanda yao DJ Ron Hardy wa klabu ya Music Box. Aliipiga mara ya kwanza, watu wakaondoka sakafuni. Akaipiga tena usiku ule ule, na tena, na mara ya nne, kama wenyewe walivyosimulia, ukumbi ulikuwa umechachamaa. Santuri ya "Acid Tracks" ilitoka rasmi mwaka 1987, lakini kwa maoni yangu ilitoka usiku ule, saa ambayo sakafu ilikubali.

Miaka ya tisini, lebo ya Dance Mania ya Ray Barney ilikuwa ikitoa mfululizo wa santuri za DJ Deeon, DJ Milton, DJ Funk, Paul Johnson na wenzao: muziki uliokaushwa, wenye kasi, mara nyingi ngoma, makofi na sentensi moja ya matusi inayorudiwa hadi ipoteze maana. (Wazee wangu mlio hapa mnisamehe, sitatoa mifano.) Wenyewe waliuita ghetto house, na baadaye, kasi ilipozidi, juke. Wahakiki wa wakati ule hawakuujali sana. Walioujali ni wanachama wa makundi ya dansi ya upande wa kusini na wa magharibi wa Chicago, mengi yakiwa ya vijana wa shule, yaliyofanya mazoezi katika kumbi za mitaa na kujionyesha katika gwaride la Bud Billiken, linalopita upande wa kusini kila Agosti tangu mwaka 1929. Kundi la House-O-Matics, lililoanzishwa mwaka 1985, ndilo kubwa katika historia hii, kwa sababu ndani yake na kando yake walipita wachezaji waliogeuka kuwa watayarishaji.

Mmoja wao ni Kavain Space, anayejulikana kama RP Boo. Alikuwa karibu na wachezaji wa House-O-Matics, akiwapigia muziki na kuwatazama, na vifaa vyake vilikuwa vya hali ya chini: mashine ya ngoma ya Roland R-70 na kinasa sampuli cha Akai S01, yaani mashine ya kunasa vipande vya sauti na kuvirudia. Kwa kutazama miguu alitambua kwamba zile nguzo nne zilizo sawasawa zilikuwa zimeanza kuwabana wachezaji badala ya kuwabeba. Mchezaji mwenye hatua tatu katika pigo moja hahitaji kuambiwa pigo liko wapi. Analijua, na angependa aachiwe nafasi ya kulipinga. Wimbo wake "Baby Come On" wa mwaka 1997 hutajwa na wengi kuwa footwork ya kwanza. Ndani yake ngoma nzito imeacha kutembea kwa hatua sawa. Inakuja mahali usipoitegemea, inarudi haraka mara mbili, inanyamaza, na ile sauti iliyokatwa ndiyo inayoshika usukani. Mwaka 1999 alifanya jambo hilo hilo kwa muziki wa filamu za Godzilla, muziki mzito wa yule mnyama ukikokotwa juu ya ngoma zinazojikwaa kwa makusudi, na wimbo huo ukawa miongoni mwa silaha kuu za mipambano.

Nawaomba sasa mlione duara lenyewe la mpambano kwa karibu. Watu wamesimama bega kwa bega, wameacha nafasi ndogo kuliko chumba cha kulala. Anaingia mmoja. Kiwiliwili chake kimetulia, wakati mwingine utadhani amechoshwa, na mikono inaning'inia; kazi yote iko chini ya magoti. Hatua zina majina yake: iko ya mzimu, ambapo mguu huonekana kwenda ilhali mwili haukwenda, iko ya kuteleza kama mtu mwenye viatu vya magurudumu, iko ya kudundadunda kama mpira wa kikapu. Kasi ya muziki ni mapigo 160 kwa dakika, yaani pigo moja kila baada ya sekunde 0.375, na likigawanywa kwa tatu, kama footwork inavyopenda kugawanya, mchezaji amebakiwa na thumuni ya sekunde kati ya mguso mmoja wa sakafu na mwingine. Aliye pembeni hutikisa kichwa polepole, kwa mapigo 80, kwa sababu muziki huo una mwendo wa pole uliofichwa ndani ya mwendo wa kasi. Mchezaji mzuri huchagua. Atapita juu ya mapigo 80 kana kwamba anatembea bustanini, kisha atashuka katika theluthi zile bila onyo, kisha atasimama wima kabisa pale ngoma inaponyamaza, na duara litapiga kelele kwa ajili ya kusimama kule kuliko kwa ajili ya mbio zote zilizotangulia.

Mpinzani wake anaingia wakati huo huo au sekunde moja baadaye, na hapo DJ naye anaingia vitani. Hapigi wimbo mzima. Anaubadilisha ghafla, anamletea aliyeko katikati kipande ambacho hakijasikika popote, kilichomalizwa kutengenezwa mchana wa siku hiyo, aone kama ataanguka. Mchezaji akikipata mara moja, kipande kimepita mtihani na kitapigwa tena wiki ijayo. Wachezaji wakisimama na kutazamana, kipande kinarudi nyumbani. DJ Rashad na DJ Spinn, waliokuja kuwa majina makubwa zaidi ya muziki huu, wote wawili walianza kama wachezaji, na ukisikiliza kazi zao kwa makini utasikia kwamba zimetungwa na mtu anayejua goti linaumia wapi.

Mtu anaweza kuniambia kwamba Chicago ni kisa cha pekee. Siamini. Huko Detroit, jit, dansi ya miguu ya mji huo, ambayo asili yake ni ndugu wa ukoo wa McGhee wa miaka ya sabini, ilipata muziki wake mpya miongo miwili hivi baadaye katika mbio za ghettotech, muziki wa kielektroniki wa kasi wa huko huko, na uhusiano ni ule ule, ila sitakaa hapo. Harlem ndiyo inayonivutia zaidi. Katika utamaduni wa mabaraza ya vogue, dansi ya kuigiza mikao ya wanamitindo, uliojengwa juu ya "nyumba" kama ile ya LaBeija, yaani makundi yanayoishi kama familia, washindani hutembea mbele ya majaji katika makundi maalumu, na katika vogue ya kisasa kuna kitendo kimoja kinachomaliza hoja: mchezaji hujiangusha chali sakafuni, mguu mmoja umekunjwa, kama aliyepigwa risasi kwa madaha. Mwaka 1991 watayarishaji wawili wanaojiita Masters at Work walitoa "The Ha Dance", wimbo wenye kishindo kimoja kikali, cha ghafla, kinachorudi kila baada ya mapigo manne. Wachezaji walikichukua kishindo hicho wakakiambatanisha na anguko lao, nacho hakikuachwa tena. Ma-DJ wa vogue waliokuja baadaye, kama Vjuan Allure na MikeQ, wamejenga mamia ya vipande juu yake, na unaweza kubadilisha kila kitu kingine katika kipande cha vogue, lakini ukikiondoa kishindo umewanyima watu mahali pa kuangukia. Watungaji walitunga wimbo mmoja tu. Waliougeuza kuwa fani ni wale waliokuwa wakijiangusha.

Nije sasa kwenye malalamiko yangu, maana hotuba isiyo na malalamiko hainogi.

Mwaka 2010 lebo ya Planet Mu ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa "Bangs & Works", na kwa mara ya kwanza wasikilizaji wengi wa Ulaya wakakutana na footwork. Ulikuwa mchango mkubwa, nami nausifu bila kinyongo. Hata mimi nilifikiwa na muziki huu kwa njia iliyofunguliwa wakati ule. Mwaka 2013 albamu ya Rashad, "Double Cup", ilitolewa na Hyperdub ya London na kusifiwa sana, na tarehe 26 Aprili 2014 tukampoteza akiwa na umri wa miaka 34 tu. Katika miaka hiyo michache muziki ulisafiri kwa kasi ambayo dansi haikuweza kuifuata. Faili la sauti linavuka bahari kwa sekunde mbili. Mchezaji anahitaji viza, tiketi, kitanda na mtu wa kumlipa. Matokeo yake ni kwamba kulikuwa na kumbi zilizojaa watu waliosimama wakitikisa vichwa mbele ya muziki uliotengenezwa kwa ajili ya miguu, wakiusifu kwa ugumu wake, kana kwamba ni fumbo la hesabu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema lolote kuhusu yule ambaye mdundo wake umetunzwa ugenini huku yeye amebaki kwao akitafuta ukumbi wa kufanyia mazoezi. Rashad na Spinn walijitahidi kwenda na wachezaji pale walipoweza, na kundi la The Era, lililoundwa Chicago mwaka 2014, limefanya kazi kubwa ya kuonyesha na kufundisha dansi hiyo kama sanaa inayojitegemea. Hata hivyo, nikifungua vipeperushi vya matamasha bado naona majina ya watayarishaji kwa herufi kubwa, na wachezaji wakiitwa "burudani".

Upande wa pili wa malalamiko unahusu jukwaa. Tarehe 9 na 10 Agosti 2024, breaking, dansi iliyozaliwa katika karamu kama zile za Herc, ilichezwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Paris, katika uwanja wa Place de la Concorde. Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada walitwaa dhahabu kwa haki, na mtu yeyote aliyeona jinsi Ami anavyounganisha hatua moja na nyingine hawezi kusema dansi ilidhalilishwa kule. Wachezaji hawakujichagulia muziki; DJ aliamua papo hapo, kama ilivyo desturi, na jambo hilo lilinifurahisha. Majaji tisa walitumia vigezo vitano vyenye uzito sawa: mbinu, msamiati, utekelezaji, ubunifu na usikivu wa muziki. Kwa hiyo muziki ulipewa asilimia 20.

Naielewa sababu. Ukitaka kumpa mtu medali mbele ya dunia nzima lazima uweze kueleza ulivyohesabu. Lakini mimi niliyewahi kuketi katika kiti cha ujaji, katika mashindano madogo, nakiri kwamba sijawahi kuiona ile asilimia 20 ikiwa peke yake. Mbinu iliyofika nusu pigo kabla ya wakati wake si mbinu. Ubunifu usiojibu kitu kilichopigwa ni mazoezi ya viungo. Na kuna jambo jingine ambalo watazamaji hawalioni. Mpambano unaorushwa moja kwa moja mtandaoni unahitaji idhini ya kila wimbo, la sivyo matangazo hukatwa, na kwa sababu hiyo ma-DJ wa mashindano makubwa husukumwa kutumia muziki uliotengenezwa maalumu, safi kisheria, uliopimwa usimkwaze mtu. Baadhi ya vipande hivyo ni vizuri. Vingi vimetengenezwa na watu ambao hawajawahi kuona kipande chao kikikataliwa na duara, na unasikia hivyo: vimejaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama chumba ambacho fundi samani hakumuuliza mwenye nyumba atapita wapi.

Nasema hivi kwa sababu nami nimekuwa fundi huyo. Miaka michache iliyopita nilitunga kipande cha mapigo 160 ambacho nilijivunia kupita kiasi. Nilikuwa nimekipanga kwa wiki tatu. Kulikuwa na tabaka nne za makofi, ngoma ndogo zinazokimbizana, na besi inayopanda na kushuka bila kupumzika. Nilikipeleka mazoezini kwa kundi moja nikidhani nitabebwa juu juu. Wakajaribu kukicheza mara mbili kwa heshima, kisha kiongozi wao, binti mdogo kwangu kwa miaka mingi, akaniita pembeni na kunieleza kwa upole kwamba nilikuwa nimewachezea dansi yote mle ndani, wao hawakubakiwa na kazi. Alisimama nyuma yangu mbele ya kompyuta na kuninyooshea kidole: toa hiki, toa na hiki, hapa acha patupu kabisa. Tuliondoa zaidi ya nusu ya kile nilichokiita utunzi. Kipande kilichobaki ndicho kazi yangu pekee inayoombwa hadi leo, na jina la binti yule halimo katika orodha ya watunzi, kosa ambalo ni langu na ambalo nimeanza kulirekebisha.

Wapo watayarishaji wa footwork ambao hawakupitia duara, na sitaki nionekane nawafungia mlango. Jlin, aliyetokea Gary, Indiana, hakuwa mcheza dansi. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha chuma alipokuwa akitengeneza albamu yake ya kwanza, "Dark Energy", ya mwaka 2015. Muziki wake ni mkali na umejaa, ukinipinga mimi waziwazi. Lakini tazameni ulikokwenda: mwaka 2017 ulikuwa muziki wa onyesho la dansi la Wayne McGregor, "Autobiography", na mwaka 2023 utunzi wake "Perspective", alioandikia kundi la wapiga ngoma la Third Coast Percussion, uliingia katika fainali ya Tuzo ya Pulitzer ya muziki. Miili ya watu imemfuata hadi mlangoni pake, na mikono ya wapiga ngoma imelazimika kujifunza yale ambayo miguu ya Chicago iliyajua kwa miaka ishirini.

Mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili, kwa hiyo nifike kwenye kazi. Katika mstari wa mbele wameketi vijana wawili ambao tangu nianze kusema wamekuwa wakifungua na kufunga kamba za viatu. Nitapiga vipande viwili, kila kimoja sekunde 90 hivi, na wao hawajakisikia hata kimoja. Cha kwanza ni kile cha kwangu kama nilivyokileta mazoezini siku ile, pamoja na tabaka zake nne za makofi. Cha pili ni hicho hicho baada ya kukatwa. Naomba msizitazame nyuso zao wala mikono yao. Viti vya mistari miwili ya kwanza viondolewe, waliokaa nyuma wasogee wafunge duara, na wewe fundi mitambo, kaka yangu, tafadhali pandisha besi, maana spika hizi zimeanza kunikumbusha zile za kompyuta yangu.